Kamba Isiyo na Gharama

Watu wakiniuliza ni nchi gani iliyobaki moyoni mwangu kati ya zote nilizotembea, hutaraji niitaje ile yenye dhahabu au ile yenye mvua za uhakika. Nikiwajibu kuwa ni Habani, hudhani nawatania, kwa sababu Habani inajulikana kwa ubahili wake tu. Mimi niliiona kabla haijawa bahili, na aliyeiona wakati ule hawezi kuicheka.

Siku hizo nilikuwa mnunuzi wa kamba za visima. Kwetu maji yako mbali chini, na kamba ikikatika ndoo imekwenda na siku imekwenda. Kamba za Habani hazikukatika. Mtu akifa kwetu, watoto waligawana shamba, ng'ombe na kamba ya Habani, na mara nyingi ugomvi ulikuwa juu ya kamba.

Mji wenyewe umekaa ukingoni mwa korongo refu lenye mto chini yake, na upande wa pili wamekaa ndugu zao. Upande ule huitwa Ng'ambo. Watu wa kule nao huuita upande huu Ng'ambo, kwa hiyo mtu akikuambia anakwenda Ng'ambo ilikubidi kwanza uangalie amesimama wapi. Mimi nilifikia Habani, na katika habari hii Ng'ambo ni ule upande wa pili.

Kati ya pande hizo mbili lilining'inia daraja la kamba. Kamba zake zilikuwa nene kama paja la mtu mzima, na juu ya mbao zake ng'ombe wawili waliweza kupishana bila kusukumana. Katikati kabisa, mahali ambapo upepo wa mto unapanda, alikaa muuza kahawa mmoja aitwaye Shamte na birika lake. Watu walitoka pande zote mbili, wakakutana kwa Shamte, wakanywa, wakaulizana habari za wagonjwa na za mavuno, kisha kila mmoja akarudi alikotoka. Nilipouliza hao wamevuka kwenda wapi, Shamte aliniambia hawajavuka, wamekuja darajani tu.

Kamba zote hizo zilitoka katika karakana ya Bi Mwanamize. Alikuwa mjane bado kijana, mrefu, mwenye sauti ndogo ambayo hata hivyo ilifika kila pembe. Makumbi ya nazi wanawake wake waliyafukia katika tope la kijito na kuyaacha humo mpaka yaive. Walisema kule kwamba aliyeyafukia akiwa mja mzito aliyafukua mtoto wake akitambaa. Kisha waliyapiga kwa magogo, wakayachambua wakapata usumba mweupe, wakaketi mistari miwili wakasokota huku wakiimba. Bintiye Bi Mwanamize, Raya, alikuwa mdogo wakati huo, na kazi yake ilikuwa kulala juu ya lundo la usumba na kuamshwa likihitajika.

Nililala nyumbani kwao mwezi mzima. Nilipoondoka, nilikwenda na mzigo wa kamba na harufu ya tope la kijito katika nguo zangu. Mke wangu aliilalamikia harufu ile. Mimi ilinisikitisha ilipokwisha.

Miaka ilipita kabla sijarudi. Safari ya pili nilifika adhuhuri, nikaenda moja kwa moja darajani kumtafuta Shamte. Sikumwona Shamte, na daraja nalo nusura nisilione. Kamba zake zilikuwa nyembamba kama kifundo cha mkono, na mbao zilikuwa zimeachana hata mtu aliuona mto kati ya hatua na hatua. Mwanzoni mwa daraja palikuwa na mzani na askari wawili.

Bi Mwanamize alinipokea kama mtu wa nyumbani, akanikalisha, na kwa siku kadhaa akanisimulia yaliyotokea. Nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu hakuyasema kwa hasira.

Baraza la Makadirio, lililowekwa kusimamia gharama za mji, alisema, halikuanza kwa ubaya. Karakana zilikuwa na upotevu kweli. Yeye mwenyewe alikuwa akitupa usumba mwingi uliofaa, na watu wa Baraza walipomwonyesha namna ya kuuokoa aliwashukuru na kuwapikia. Lakini Baraza lilipoonja utamu wa kupunguza halikuweza kuacha. Likatunga sheria kwamba kila karakana itengeneze kitu chake kwa mchanganyiko ulio rahisi kuliko yote. Mikono, magurudumu, makumbi na muda vyote vilikuwa sawa mbele ya sheria. Kilicho ghali kipungue, kilicho rahisi kiongezwe mahali pake, mradi kamba itoke.

Gurudumu la kusokotea lilipokuja, alilipenda. Liliwapumzisha wanawake mabega. Sheria ikamtaka aondoe nusu ya wanawake kwa kuwa gurudumu lilikuwa rahisi kuliko wao, naye akawaondoa huku akilia. Walipokuwa wengi mitaani bila kazi, ujira wao ukashuka, wakawa rahisi kuliko gurudumu. Sheria ikamtaka auze gurudumu na kuwarudisha. Walipokuwa wote kazini ujira ukapanda tena, na gurudumu likarudi. Wanawake wakazoea kuacha vikapu vyao mlangoni, maana hawakujua mwezi ujao watakuwa ndani au nje.

Kisha likaja suala la kiasi. Mkadiriaji Mkuu aligundua kwamba kila karakana ina kipimo chake, ambacho kikizidishwa watu huchoka, tope hujaa, na kila kamba inayoongezwa hugharimu kuliko ile iliyoitangulia. Karakana ya Bi Mwanamize ikapewa kipimo chake na kukatazwa kukipita hata kwa kamba moja. Wenye visima waliokuja baada ya kipimo kujaa walijibiwa kwamba kamba zimetosha, na kilichozidi ni haja yao. Baadhi yao walifunga visima, wakahamia mtoni.

Na muda nao ulikuwa gharama. Makumbi kukaa topeni mpaka mtoto atambae lilikuwa jambo lisilokubalika. Yakaanza kufukuliwa mabichi. Makumbi yaliyokuwa yamefukiwa zamani, kule mbali juu ya kijito, yakaachwa humohumo, kwa kuwa kuyafuata kulihitaji wapagazi na wapagazi walikuwa ghali.

Lakini lililoniuma ni daraja. Kila mwaka, baada ya mvua, Baraza liliuliza swali moja: je, daraja limeanguka? Likijibiwa kwamba halijaanguka, lilihukumu kwamba basi kulikuwa na uzi mmoja zaidi ya haja, na uzi huo ukatolewa. Shamte aliondolewa mapema, ilipoonekana kwamba sehemu kubwa ya uzito wa daraja ni watu wasiokwenda popote. Halafu mizigo ikakatazwa. Halafu mifugo. Halafu watu wakatakiwa kuvuka mmoja mmoja baada ya kupimwa. Kukiwa na msiba Ng'ambo, ukoo mzima ulikaa ukachagua mtu mmoja mwepesi anayejua kulia, akatumwa alie kwa niaba ya wote.

Nilimwuliza kwa nini watu hawakukataa. Alinitazama akasema, “Kila mwaka ni uzi mmoja tu, mgeni wangu. Nani agombane kwa ajili ya uzi mmoja?”

Mkadiriaji Mkuu aliitwa Dadi Ngwali. Nilimtazamia mtu mkavu, nikakuta mtu mnene, mpole, mwenye macho ya kukosa usingizi. Alizaliwa Ng'ambo, akaletwa Habani kusoma hesabu akiwa mtoto, na mama yake alibaki kule. Hakuwa amemwona tangu uzani wa kuvuka ulipowekwa, kwa kuwa mwenyewe alizidi uzani alioupanga. Watu walinionyesha dirisha la ofisi yake lililoelekea korongo. Walisema jioni hulifungua na kusimama hapo, na hawakumcheka.

Raya sasa alikuwa mwanamke, mrefu kama mama yake, ila sauti yake haikuwa ndogo. Alikuwa ameposwa na Feruzi, kijana wa Ng'ambo. Feruzi alikuwa mwembamba mno, na kwa wembamba huo alipewa kazi ya kuvusha salamu. Watu wa kila upande walimwambia maneno yao, akayashika kichwani, akavuka, akayafikisha mlango kwa mlango. Kwa Raya alikuwa akileta salamu za shangazi yake. Bi Mwanamize aliniambia kwamba alianza kushuku pale salamu zilipokuwa ndefu, na shangazi mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache tangu kuzaliwa.

Desturi ya Habani ni kwamba bi harusi havuki peke yake. Huvushwa na wanawake waliomlea, wote pamoja, hatua kwa hatua, wakiimba, na wakifika humkabidhi kwa mkono. Raya alilelewa na karakana nzima. Na mvua zilikuwa zimekwisha. Uzi wa mwaka ule ukitolewa, daraja lingebeba Feruzi na watu wachache wa mfano wake, wala si Raya. Kwa hiyo ama avuke sasa, peke yake, na asirudi tena kumwona mama yake, ama asivuke kabisa.

Bi Mwanamize alipeleka ombi kwa Baraza: uzi wa mwaka huu usitolewe, na ziongezwe nyuzi za kutosha msafara mmoja wa harusi. Nilikwenda naye kusikiliza.

Ukumbi wa Baraza ulikuwa na viti vichache kuliko wajumbe, na wazee walisikiliza kwa zamu. Dadi Ngwali alisimama, akaeleza kwa upole kwamba ombi hili limepimwa kwa haki. Harusi, alisema, ni kitu kinachotengenezwa kama vingine, na hutengenezwa kwa bi harusi, bwana harusi, wasindikizaji, chakula na njia. Katika mchanganyiko huu njia imekuwa ghali kuliko vyote. Wasindikizaji wanaweza kuimba wakiwa huku, wakasikika kule upepo ukiwa mzuri. Na kama familia itakubali bwana harusi wa upande huu, njia haitahitajika tena. Ofisi yake ilikuwa imekwisha kuwaangalia vijana wa Habani, na wapo wenye umri, afya na tabia zinazofanana na za Feruzi.

Mwenyekiti alimwuliza Raya kama ana neno. Alisimama, akamtazama Dadi Ngwali, si kwa ukali.

“Bwana Mkadiriaji,” alisema, “sikuja kuuliza bei ya mume.”

Kisha akakaa. Nilimwona Dadi Ngwali akigeuka kuelekea dirishani. Lakini sheria haikuwa na mahali pa kuliandika neno lile. Ombi likakataliwa.

Tulirudi nyumbani. Nilidhani nitasikia kilio usiku ule, na sikusikia kitu. Kulipokucha Bi Mwanamize alijifunga kanga mbili, akatoka, akaenda nyumba baada ya nyumba kwa wanawake walioachishwa kazi. Hakuwaomba. Aliwaambia tu kwamba anakwenda juu ya kijito kuangalia kama yale makumbi ya zamani yapo. Wakachukua majembe, wakamfuata. Mimi nilifuata nyuma.

Makumbi yalikuwapo. Yalikuwa yamekaa topeni miaka, yameiva kupita kiasi cha kuiva, na yalipofukuliwa ile harufu ikapanda, na wanawake wakaanza kucheka bila sababu. Mmoja wao, mama mnene aitwaye Bi Kidawa, aliyachukua konzi mbili akayanusa kama mtu anusavyo kichwa cha mtoto, akasema kwamba hata mumewe hakuwa na hamu naye hivi alipokuwa safarini.

Kila alasiri baada ya hapo walikutana uwanjani kwa Bi Mwanamize. Walipiga, wakachambua, wakaketi mistari miwili. Mwanzoni vidole vilikuwa vimesahau. Nyimbo zilivikumbusha. Watu wa mtaani walikuja kukaa kando, kusikiliza tu, na wazee wengine walileta kahawa. Nakiri kwamba nilikuwa na kazi ya kununua na sikuifanya. Niliketi pale nikichambua usumba kwa mikono yangu mibaya, na sijawahi kuwa na alasiri bora zaidi maishani mwangu.

Kamba ilipokuwa nene kama mkono, askari waliiona, na Baraza likaitwa kwa haraka.

Kosa lilikuwa wazi: kamba imetengenezwa kupita kipimo. Lakini ili kosa lihukumiwe, lazima gharama yake ijulikane, na Mkadiriaji Mkuu akatakiwa aitaje. Dadi Ngwali aliwauliza wanawake nani aliwalipa. Hakuna. Akauliza makumbi yamenunuliwa wapi. Yalitupwa na Baraza lenyewe. Akauliza juu ya magogo, na magogo yalikuwa ya kukalia.

Karani mmoja kijana alisimama kusema kwamba muda wao nao una gharama, kwa sababu muda uliotumika hapa ungeweza kutumika kwingine wakapata ujira.

“Kwingine wapi?” aliuliza Dadi Ngwali. “Sisi ndio tuliowaachisha.”

Karani akakaa. Mkadiriaji Mkuu akatoa makadirio yake: kamba hii haina gharama. Kisicho na gharama hakimo katika hesabu za Baraza, na kisichomo katika hesabu za Baraza, Baraza haliwezi kukikataza. Wajumbe walijadiliana sana kama kitu kisichomo katika hesabu kinaweza kukanyagwa. Wengine walisema mtu atakayekikanyaga atakuwa amesimama hewani. Mwishowe walikubaliana kwamba kusimama hewani hakujakatazwa.

Harusi ikavuka. Kamba mpya ilifungwa kando ya ile nyembamba, mbao zikasogezwa, na wanawake wakashuka darajani wote pamoja, Raya katikati yao. Askari hawakuwapima, kwa kuwa hawakuwa na amri ya kupima watu wa hewani. Daraja liliyumba kama zamani, kwa uzito, kwa ukarimu. Nilivuka nyuma yao. Ng'ambo watu walikuwa wamejaa mpaka ukingoni, wengine walikuwa ndugu wasioonana tangu mizigo ilipokatazwa, na kwa muda hakuna aliyemwangalia bi harusi. Feruzi alisimama na mikono yake mirefu akingoja watu wamalize kukumbatiana.

Bi Mwanamize alimshika bintiye mkono, akauweka katika mkono wa Feruzi. Alipaswa kusema maneno ya desturi. Alisema, “Mtunze. Na salamu zako sasa ziwe fupi.”

Katika msongamano ule nilimwona Dadi Ngwali. Alikuwa amevuka nyuma yetu, peke yake, ameshika kamba kwa mikono miwili, jasho likimtiririka. Alipita katikati ya watu bila kumsalimu mtu, akakata njia ya kushoto kama aendaye mahali miguu inapopajua. Nilimfuata kwa mbali, kwa udadisi ambao sijivunii. Mama yake alikuwa ameketi barazani, macho yameingia ukungu. Alimpapasa uso, akampapasa mabega.

“Nilidhani umekufa,” alisema yule mama, “ila wameona ghali kunitumia mtu.”

Dadi Ngwali alipiga magoti akaweka kichwa mapajani mwake. Mimi nikageuka nikarudi harusini.

Tulirudi Habani na furaha, na kwa majuma kadhaa mji ulikuwa kama nilivyoujua zamani. Watu walivuka na mbuzi, na vikapu, na wagonjwa wao. Wanawake waliendelea kuitunza kamba kila alasiri, maana kamba inataka kuangaliwa kama mtoto. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Watoto wao, dada zao, na sasa Raya, walikuwa upande wa pili.

Ndipo Baraza likakutana kwa mkutano wake wa mwaka. Dadi Ngwali alikuja mwenyewe kutupa habari, kwa miguu, bila karani. Bi Mwanamize alikuwa akisokota na hakusimama. Aliniomba nimpe mgeni kigoda.

Dadi Ngwali alisema kwamba mjumbe mmoja alileta hoja ambayo hakuna aliyeweza kuijibu. Ikiwa kamba isiyo na gharama inabeba daraja, basi kamba yenye gharama ni ya ziada. Itolewe. Na ikiwa wanawake wanaweza kutengeneza kamba bila ujira, basi karakana yenye ujira haina haja ya kuwapo. Ifungwe. Habani sasa itapata kamba zake zote kwa mchanganyiko ulio rahisi kuliko yote uliopata kufikiriwa. Baraza limetangaza siku ya sherehe.

Bi Mwanamize aliuliza kama Baraza litatoa walau kitu kidogo kwa wale wanawake, kwa sababu karakana ndiyo iliyowalisha wachache waliobaki ndani. Dadi Ngwali alijibu akitazama chini. Alisema ameliuliza hilo. Walimjibu kwamba bei ya kazi yao imekwisha kujulikana, na aliyeitaja ni yeye.

“Ulipiga kura gani?” aliuliza Bi Mwanamize.

“Sikuwa na jibu la hoja ile,” alisema. “Niliisoma kila upande. Ni sahihi.”

Bi Mwanamize alisokota kidogo, kisha akamwuliza kama mama yake hajambo. Dadi Ngwali akasema hajambo, na anamwuliza atarudi lini.

“Umemjibu nini?”

“Nimemwambia bado nahesabu.”

Bi Mwanamize aliendelea kusokota, na mgeni wake akaaga akaondoka.

Hakukuwa na mkutano wala kiapo. Siku ya pili yake Bi Kidawa alivuka kwenda kumwona dada yake, akiwa amebeba sufuria na godoro. Aliyemfuata alibeba kuku. Bi Mwanamize alikuwa wa mwisho wa wanawake, na mimi nilivuka naye, nikimbebea magogo yake ya kupigia makumbi. Katikati ya daraja alisimama akashika mahali pamoja palipoanza kulegea, akapasokota vizuri, akapafunga. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua, ilhali anaondoka. Alisema wako watu nyuma.

Tulipofika, vijana wa Ng'ambo walikuwa wakibishana. Wengine walitaka kamba ikatwe, Habani wakae na hesabu zao. Feruzi alikuwa ameshika kisu, ingawa sikudhani angekitumia. Bi Mwanamize alikitoa mkononi mwake, akamrudishia mwanamke aliyekuwa akipikia nacho.

Alasiri ile ilikuwa ndiyo siku ya sherehe. Tulikuwa tumekaa uani kwa Raya, wanawake wakitafuta mahali pa kuweka vitu vyao katika nyumba zisizo zao, na ngoma zikaanza upande wa pili. Upepo ulikuwa mzuri. Zilikuwa ngoma za Habani hasa, zile zinazoanza polepole kama mtu anayebisha hodi, kisha zikazidi, na kazi zote uani zikasimama. Walikuwa wakisherehekea kwamba kamba imekuwa bure. Bi Kidawa alianza kutikisa mabega, halafu akajifunika uso kwa kanga. Kutoka ukingoni niliweza kuuona uwanja wao, bendera, watu wakicheza kwa kubanana. Pembeni, kwenye mwanzo wa daraja, alisimama mtu mnene ameshika kamba. Alikanyaga ubao wa kwanza, akakaa hivyo muda mrefu, akarudi nyuma.

Raya alimwuliza mama yake kama atarudi kule, siku moja, mambo yakitengenea.

“Ngoja kwanza,” alisema Bi Mwanamize. “Niache nisikilize. Wanapiga vizuri.”

Tulisikiliza naye mpaka ngoma ya mwisho iliponyamaza.